Liko Njiani

Lisemwalo lipo, niliwaambia pale gereji,
na kama halipo, liko njiani.
Ilikuwa methali tu. Reino Kangas akaruka kitini:
"Njia ipi? Umeliona wapi?"

Ndivyo Marquette inavyotufanya mwezi wa pili,
kaskazini kabisa ya Michigan, theluji imefika vitasani:
watu wanne, hita moja ya mafuta ya taa,
tunaunda kwa vinywa gari
ambalo Tolliver hawajakiri kuwa wanaliunda.

Reino alilitaka na chesisi ya ngazi,
vyuma viwili virefu, vingine vya kukingama,
bodi imekaa juu kama mzigo juu ya chaga.
"Bila ngazi," alisema, "hilo ni buli lenye magurudumu."
Odell Beauchamp akacheka mpaka akakohoa.
Ngazi gani, zama hizi? Litakuwa gari la kupeleka watoto shule
lililovishwa buti za baba yake.
Mimi, niliyefunzwa kufungua difu Makambako,
niliomba springi bapa zilizopangana kama chapati,
ikatike moja, ufike nyumbani kwa zilizobaki.
Marvelle, dereva wa greda la kaunti,
alimaliza kahawa yake kwanza.
"Mimi nauliza hita tu."

Tuliling'oa milango, tukairudishia.
Tulilipandisha milima ambayo hakuna kati yetu aliyeiona.
Tulilipangia bei, tukagombana na bei,
na hakuna hata mmoja mwenye theluthi yake.

Kisha Jumanne, usiku, simu:
gari limetumbukia mtaroni, barabara ya ziwani.
Tukajibana ndani ya pikapu ya Reino,
ile ambayo sakafu yake imeliwa na chumvi,
unaona lami ikikimbia kati ya miguu yako.

Lilikuwa pale.
Limelalia ubavu, limegubikwa stika nyeusi na nyeupe
zinazozungukana kama maji ya kuoshea brashi.
Punda milia, Odell alinong'ona.
Nimewaona punda milia Mikumi; hawajifichi hivi.
Kijana wa kampuni, midomo ya bluu, viatu vya ofisini,
alinyoosha mikono: "Tafadhali, msipige picha."

Nani alikumbuka picha?
Tulikuwa tumeshalala chali thelujini, vichwa chini ya tumbo lake,
tochi mdomoni, kama watu waliodondosha pete.
Reino aliona ngazi. Anaapa kwa kaburi la mama yake.
Odell aliona plastiki, plastiki tupu, mbele hadi nyuma.
Mimi niligonga kwa spana: ngo!
Chuma, nikasema. Au ni spana yangu iliyoganda, sijui.
Marvelle alipenyeza mkono dirishani,
akauweka penye tundu la hewa, akautoa.
"Baridi."
Hilo ndilo pekee tunalokubaliana hadi leo.

Mnyororo ukakaza. Pikapu ikaguna,
ikateleza,
ikashika,
ikalivuta lijalo kutoka shimoni
kama bibi anavyomwinua bwana harusi aliyejikwaa.

Reino alikataa hela. Alitaka neno moja:
"Lina ngazi?"
Kijana alimtazama, kisha akaitazama pikapu,
kutu yake, ndoano yake, moshi wake.
"Hii yako ni ya mwaka gani?"

Ikawa nusu saa, boneti wazi,
theluji ikiangukia injini na kuchemka,
Reino akieleza, kijana akiuliza,
akiuliza tena, akiandika kiganjani kwa kalamu
iliyokuwa ikiganda kila baada ya neno.

Sasa tunabishana aliandika nini.